Kusi imeingia na boti iko kwenye trela: mashine naiachaje mpaka Agosti?

Swali lilikuja refu, nalifupisha. Jamaa yuko Mtwapa, ana boti ya faiba futi 19 ya kutembeza familia na kuvua kidogo wikendi, nyuma imefungwa mashine ya Yamaha fostroki ya nguvu farasi 60 na pembeni kuna mashine ndogo ya akiba, Enduro 15. Kusi ishaanza kuchafua bahari, boti kaipandisha kwenye trela na haishuki tena mpaka Agosti. Fundi kamtajia bei anayoona ni ya kumkomoa, video za Wamarekani alizotazama zinamwambia atie antifrizi (dawa ya kuzuia maji yasigande) ya rangi ya waridi, na majirani wanamwambia awashe kila wiki mbili basi. Anauliza: naweza kuifanya mwenyewe, na kipi ni lazima kipi ni mbwembwe?

Unaweza ndugu yangu, tena bila shida, kama una spana, subira na kitabu cha mashine yako (kama hicho kitabu kimepotea kipakue, kiko bure kwenye intaneti, usifanye kwa kukisia). Wikendi moja inatosha.

Antifrizi isahau kabisa. Hao wenzetu wanaitia kwa sababu kwao maji yakibaki ndani ya bloku yanaganda, yakiganda yanatanuka, na yakitanuka yanapasua chuma, na hata huko kwao shida hiyo ni zaidi ya injini za ndani ya boti, sio hizi za kuning'inia nyuma ambazo ukiziacha wima maji yanashuka yenyewe. Mtwapa hata usiku wa Julai baridi yake ni ya shuka moja. Kinachoua mashine pwani yetu ni chumvi, unyevu, na kukaa bila kufanya kazi miezi minne yenye mvua ndani yake. Ndio maana zile video zinakupotosha bila kukusudia, zinapita kwenye kusafisha chumvi nusu dakika alafu zinakaa robo saa kwenye antifrizi, wewe geuza hesabu hiyo.

Sasa tuanze na hiyo chumvi manake ndio kazi yenyewe. Maji ya bahari yanazunguka ndani ya mashine kuipoza, ukizima yanashuka lakini hayashuki yote, yanabaki matone kwenye kona na nyuma ya themostati (kile kifaa kinachofungulia maji mashine ikipata joto), yanakauka, chumvi inabaki. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Baadaye njia zinaziba, mashine inachemka, na ukiifungua unakuta alumini imeliwa imekuwa unga mweupe. Najua utaniambia kila ukirudi unaunganisha mpira wa maji kwenye ile tundu ya kusafishia na unaacha yapite. Vizuri, endelea hivo hivo (mashine ikiwa imezimwa lakini, ile tundu kwenye Yamaha haitumiki huku injini inanguruma, utaharibu pampu ya maji). Ila kwa kuiweka miezi minne hiyo haitoshi, kwa sababu mashine ikiwa baridi themostati imefunga na kuna njia maji hayazifikii sawasawa. Inatakiwa iwake, ipate joto, themostati ifunguke, maji matamu yapite kila mahali.

Tafuta pipa la lita 200, likatwe juu. Toa propela kwanza, hili sio la hiari, propela ikizunguka ndani ya pipa inarusha maji yote nje na siku mtu akigusa gia kwa bahati mbaya mtapelekana hospitali. Teremsha mguu wa mashine ndani ya pipa, jaza maji yapite juu ya vile vitundu vya kunyonyea kiasi cha kutosha, na mpira wa maji uendelee kumimina. Washa, gia iwe fri, acha kwenye sailensa ya chini (ingurume polepole bila kuongezewa mafuta) kama dakika kumi na tano, usipige resi. Tazama inavyokojoa, yaani ule mchirizi wa maji unaoruka nje ya mashine: mkojo uwe na nguvu, ukiwa dhaifu au umekatika zima hapo hapo. Mara nyingi ni kale katundu kameziba chumvi au kuna nyigu kajengea udongo humo, pitisha kipande cha mshipi mnene wa kuvulia wa nailoni ukizibue. Kama imezibuka na bado mkojo ni wa mgonjwa, basi ni impela (kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji) au themostati. Na fanyia hii kazi nje kwenye hewa, moshi wa petroli kwenye banda lililofungwa unaua mtu kimya kimya.

Kitu ambacho hakuna video ya Florida itakwambia: onja maji yako kabla. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi chumvi, Mtwapa, Kilifi, Kigamboni, Unguja, kote huko watu wanajua, na nimeona mtu anasafisha mashine kwa bidii kila wiki na maji ya kisima ambayo hata chai hayapikiki. Hapo unatoa chumvi nyingi unaweka chumvi kidogo. Kama maji ya bomba hayaji, kinga ya mvua. Ni msimu wake huu, bati la banda na madramu mawili yanakutosha kwa mashine zote mbili.

Kabla hujawasha ndani ya hilo pipa lakini, kuna jambo la mafuta, manake mpangilio ukiupanga vizuri moto mmoja unafanya kazi tatu. Petroli ikikaa miezi inaoza, ile sehemu nyepesi inaruka na inabaki utomvu kama vanishi unaoziba vijitundu. Nunua dawa ya kuhifadhi petroli, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya boti, tia kwenye tanki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, alafu ndio uwashe kwenye pipa. Ndani ya zile dakika kumi na tano petroli yenye dawa inakuwa ishafika mpaka kwenye injekta (zile sindano za mafuta). Hiyo 60 yako kama ni ya sindano za umeme (nyingi za miaka hii ziko hivo) usiikaushe mafuta kwa kuchomoa paipu mpaka izimike, pampu ya ndani inapozwa na kulainishwa na hayo hayo mafuta, haipendi kukauka. Enduro ni kinyume chake. Ile ni tustroki ya kabureta, nayo wengi wanachomoa paipu wakiwa kwenye sailensa mpaka ife, sio vibaya sana lakini kumbuka oili yake inakuja na petroli, kwa hiyo zile sekunde za mwisho inazunguka kavu kavu, na bado kunabaki tone chini ya bakuli la kabureta. Mimi naona afadhali uizime kawaida alafu ufungue kale kaskrubu ka chini ya bakuli umwage mafuta yote kwenye kikopo. Angalia hicho kikopo kwenye mwanga. Ukiona matone yanayotembea chini peke yake, hayo ni maji.

Na maji kwenye petroli kwetu ni habari ya kawaida, madumu yanakaa wazi, tanki nusu tupu linapumua hewa ya pwani na unyevu unageuka matone kwenye kuta zake. Chukua chupa ya kioo, vuta mafuta ya chini kabisa ya tanki, acha itulie nusu saa, maji yanakaa chini petroli juu, mstari unauona. Filta ya kutenganisha maji badilisha sasa, sio Agosti, ukiiacha na maji yake inaota kutu ndani. Tanki la kudumu lililoko chini ya sakafu jaza karibu lijae, acha nafasi kidogo ya kutanuka, hewa ikiwa ndogo na unyevu unakuwa mdogo. Tanki la kubeba la Enduro lenye mchanganyiko, limwage, hizo lita chache hazina thamani ya kabureta. Na ukija kuchanganya upya tumia oili ya boti yenye alama ya TC-W3, sio ile ya pikipiki, zile zimetengenezwa kwa injini zinazopozwa na upepo na huku zinaacha uchafu kwenye plagi na pistoni. Tena nunua petroli kituo unachokiamini, watu kuchanganya na mafuta ya taa hakujaanza jana, Kenya ilibidi mwaka 2018 iweke ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe.

Umezima, mashine bado ya moto, usikae kunywa chai, mwaga oili ya 60 sasa hivi ikiwa nyepesi. Watu wanaacha oili ya zamani wanasema nitabadilisha nikianza msimu, ili iwe mpya. Hapana. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu na mabaki ya petroli, ukiiacha humo miezi minne inakaa inakula beringi. Oili mpya ndio ilale na mashine. Kwa kawaida ni 10W-30 ya boti yenye alama ya FC-W, lita mbili hivi, kipimo kamili kiko kwenye kitabu, na filta mpya uifunge kwa mkono tu baada ya kupaka oili kwenye mpira wake. Oili ya gari itazungusha mashine ndiyo, lakini hiyo alama ya FC-W maana yake imepimwa kwa kutu ya chumvi, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko bei ya sahani moja ya pweza hapo kwenye hoteli za Mtwapa Creek. Ukipima na kijiti mashine iwe wima, trela iko sawa. Ukiona oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, hilo sio la kunyamazia, mwambie fundi.

Alafu plagi. Chomoa zote, moja moja, uzipange kwa mpangilio wake uone rangi. Kahawia nyepesi ni afya, nyeusi yenye mafuta inakupa la kuchunguza, na yenye maji au kutu nyekundu unatakiwa kuanza kuwa na wasiwasi. Kwenye kila tundu pulizia ile oili ya kuhifadhia silinda, ukikosa tia kijiko cha chai cha oili safi ya tustroki, chomoa ile kamba ya swichi ya kuzima ili isije ikawaka, alafu zungusha flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini) kwa mkono mizunguko michache kwa upande wake wa kawaida, oili itambae kwenye kuta. Rudisha plagi, kwa mkono kwanza mpaka ikae ndio spana, alumini ikishaharibika nyuzi ni kilio. Ni mafuta haya ndio yatakulinda unyevu wa Mei na Juni.

Na hapo ndio nakujibu lile la majirani, kuwasha kila wiki mbili. Ukishaihifadhi hivi usiiwashe. Dakika mbili za kuwasha haziipashi joto, zinatengeneza unyevu ndani ya bloku na kwenye ekzosi, zinaosha ile oili uliyotia, na kama maji hayapo ya kutosha zinachoma impela. Wanaowasha kila wiki mbili wanafanya kwa nia njema lakini ni kujisumbua. Au unaitumia au unailaza.

Giaboksi ya chini ndio sehemu ninayoipenda kwa sababu inasema ukweli. Weka beseni, mguu wima, fungua skrubu ya chini polepole ukiwa unaangalia, kwa sababu kama kuna maji yamekaa chini ndio yatatoka kwanza, kijiko au zaidi kabla ya oili. Alafu fungua ya juu oili itiririke. Ikitoka nyeusi yenye harufu kali ni kawaida. Ikitoka kama maziwa, maji yameingia, sili (mpira unaozuia maji yasipenye) imekwisha. Angalia na sumaku iliyoko kwenye skrubu, tope laini la chuma sio neno, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia hayo. Pwani yetu sili ya shafti ya propela inauliwa na kitu kimoja kuliko vyote: mshipi. Unavua, mshipi unakatika, propela inaumeza, unajiviringa nyuma ya propela ukapikika na joto mpaka unakuwa kama pete ngumu, unasukuma na kukata sili taratibu, na wewe kwa juu huoni kitu. Propela ishatoka tayari, kwa hiyo chungulia pale nyuma ya ile pete nene ya chuma (washa), chomoa uzi wote kwa ncha ya kisu bila kukwaruza shafti, hata uzi mmoja usibaki. Paka grisi ya boti kwenye meno ya shafti kabla ya kurudisha propela, pini iwe mpya.

Oili ya gia inajazwa kutoka chini kwenda juu, watu wengi hapa wanakosea. Unafunga pampu kwenye tundu la chini, unasukuma mpaka oili itokeze tundu la juu bila mapovu, unafunga skrubu ya JUU kwanza ndio unachomoa pampu na kufunga ya chini haraka. Ukimimina kutoka juu unafungia hewa ndani na unadhani imejaa. Visha skrubu gasketi mpya, ni vitu vya bei ya mandazi.

Zinki nazo. Zile vipande vya kijivu chini ya mguu na kwenye breketi zipo ili ziliwe wao badala ya mashine, ikifika nusu badilisha, na usizipake rangi wala mguu usiupake ile rangi ya chini ya boti yenye shaba, shaba na alumini kwenye maji ya chumvi hazipatani. Kuna nyingine ndogo ndani ya bloku wengi hawazijui kabisa, kitabu kinaonyesha vifuniko vyake. Na kwa wasomaji wa Kisumu na Mwanza: zinki kwenye maji matamu inajifunika utando inaacha kufanya kazi, ninyi wekeni za magnesi au za alumini.

Impela ya pampu ya maji najua ulitaka kuibadilisha sasa, mimi nasema subiri mwisho wa Julai. Kitabu kinataka iangaliwe kila mwaka, lakini ukiweka mpya leo, mapezi yake yatakaa yamekunjwa upande mmoja miezi minne na mpira unazoea kukaa hivo. Ukifika wakati wake, shusha mguu, fungua nyumba ya pampu, usikipoteze kile kichuma kidogo kinachokaa kwenye mfereji wa shafti, paka grisi au sabuni ya maji, na wakati unaishusha nyumba zungusha shafti kwa upande inaokwenda ili mapezi yalale sawa. Na kama ile ya zamani imekatika mapezi, vitafute vipande vyote vilivyopotea, vimepanda juu na vinaweza kuziba njia ya maji, usiseme vimetoka na mkojo.

Yaliyobaki ni madogo. Betri itoe kabisa, ichaji mpaka volti 12.7 ikiwa imetulia, iweke mahali pakavu, ikishuka 12.4 ichaji tena, na joto letu linaimaliza haraka kuliko unavyodhani. Pampu grisi kila mahali kitabu kinapoonyesha mpaka ya zamani chafu itoke, hasa pale pa kukatia kona, manake usukani ukiganda Agosti utaufungua kwa nyundo. Chini ya kava la mashine pulizia dawa ya kuzuia kutu kwenye waya na plagi za umeme, na usiwahi kuosha hapo kwa presha. Mashine iache imeshuka wima, usiinyanyue, hata kama inapendeza. Funika na turubai linaloruhusu upepo, nailoni iliyobana inafuga ukungu. Panya wanatafuna waya, nyigu wanajenga kwenye tundu la mkojo na kwenye kipumulio cha tanki, ziba kwa kitambaa cha rangi nyekundu ambacho utakiona, na andika karatasi uibandike kwenye usukani: kitambaa, betri, kizibo cha maji cha chini ya boti. Hicho kizibo cha mwisho kila mwaka kuna mtu anakisahau kwenye rampu ya kushushia boti, na wote tunajua ni nani.

Agosti ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi mwingi, ni ile oili inaungua, dakika chache inaisha, usikimbie. Binya pampu ya mkono ya mafuta kabla na uangalie kama mpira wake haujapasuka, ukishakaa jua na mvua unapasuka kwenye shingo. Washa kwenye pipa kwanza nyumbani, sio kwenye rampu huku foleni ya watu iko nyuma yako.

Sasa fundi. Mpe vile ambavyo huwezi: mkanda wa taimingi wa 60 kama umefika umri uliotajwa kwenye kitabu, kupima nafasi ya valvu, na sili ya giaboksi kama oili ilitoka maziwa, hiyo inataka vifaa vya kuvutia na kupimia presha. Oili na filta na grisi usimlipe. Mwambie vitu hivyo tu, mkubaliane bei kwa kila kimoja sio kwa jumla, muombe akuachie vya zamani alivyotoa, na kama anabadilisha sili mwambie unataka uone presha inavyokaa kwenye geji kabla hajatia oili, akisema haina haja tafuta mwingine.